Jinsi ya Kujilipua Ukitokea Magomeni, Kilosa

Kabla ya kutoka kwenye raha, hakikisha unayo. Wahamasishaji wengi huiruka hatua hii kwa sababu ya muda: ukumbi umekodiwa hadi saa kumi na jenereta lina mafuta ya saa mbili. Wewe usiiruke. Kaa chini, shika kalamu, orodhesha raha zako zote: kitanda cha tano kwa sita, baiskeli isiyo na breki ya mbele, nusu ekari ya ukoo ambayo bado mnaiita shamba, na ukurasa wako katika daftari la mangi. Huo ukurasa usiudharau. Mtu anayekopeshwa sukari kwa jina lake tu, bila kitambulisho cha NIDA wala mdhamini, anaishi vizuri kuliko anavyodhani. Ukimaliza, jumlisha. Ikiwa jumla haifikii kiingilio cha semina, una tatizo la kitaalamu: umeambiwa utoke mahali ambapo hujawahi kufika. Usikate tamaa. Tafuta raha kwanza, hata ya kukopa, ili uwe na cha kuacha.

Tahadhari: wakazi wa siku nyingi wa Kilosa huenda mlishaifanya hatua ya kutoka bure. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mto Mkondoa ulifurika, ukavunja tuta, ukazoa nyumba na vipande vya reli ya kati ya Kilosa na Gulwe. Maelfu ya watu walitoka kwenye mazoea yao ndani ya siku chache, wakahamia kwenye mahema, na wapo waliokaa humo miaka. Hakuna aliyepewa cheti cha ushiriki.

Ukijiridhisha kwamba raha unayo, nenda semina. Tenganisha aina mbili. Ipo semina yenye posho na ipo yenye kiingilio. Ya posho ni ya mradi au ya serikali: unasaini karatasi ya mahudhurio, unakunywa soda, unaitikia, unasaini tena, unaondoka na bahasha. Hiyo hukufundisha kukaa. Ya kiingilio ndiyo hukufundisha kutoka. Ukizichanganya, ukamuuliza mhamasishaji posho inatolewa saa ngapi, ukumbi mzima utakugeukia, na watakaokushangaa zaidi ni wale waliokuwa wanajiandaa kuuliza.

Fika mapema. Kaa mstari wa tatu. Wa kwanza ni wa diwani, hata kama hakuja; wa pili ni wa watakaosimamishwa watoe ushuhuda, na hao walikuja na gari moja na mtoa mada. Ukiulizwa kama mko tayari, jibu mara mbili, maana jibu la kwanza huwa halihesabiwi. Ukiambiwa umgeukie jirani yako umwambie kwamba yeye ni bilionea, mgeukie umwambie. Akikukumbusha shilingi zake elfu tano, endelea kutabasamu.

Utasimuliwa habari za tai. Tai, utaambiwa, akifikisha miaka 40 hupanda mlimani, akajigonga mdomo kwenye mwamba mpaka ung'oke, akanyofoa makucha na manyoya, akangoja miezi mitano, halafu akaanza upya na kuishi miaka mingine 30. Pokea kwa unyenyekevu. Usiseme kwamba una binamu anayewatembeza wageni Hifadhi ya Mikumi, na kwamba kwa maelezo ya binamu huyo tai asiye na mdomo hufa njaa wiki hiyo hiyo. Semina haikuja kusikiliza binamu.

Tahadhari: semina za kuacha kazi hufanyika Jumamosi. Jumatatu hadi Ijumaa mtoa mada yuko kazini.

Sasa jifunze nadharia kidogo, maana wadogo zako watakuuliza. Hili eneo la raha wanaloliita komfoti zoni lina ukoo, na ukoo wake ni wa panya. Mwaka 1908, reli ya Wajerumani ikiwa imeshafika Morogoro na inaisogelea Kilosa, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, waliwaweka panya wadogo mbele ya vijumba viwili, cheupe na cheusi. Aliyeingia cheusi alipigwa shoti ya umeme. Kazi ilipokuwa ngumu, panya wa shoti hafifu walichelewa kujifunza, wa shoti ya wastani walijifunza upesi, na wa shoti kali walivurugikiwa. Kutokana na panya hao, kwa njia ndefu iliyopitia vitabu vingi, kikiwamo cha Judith Bardwick cha mwaka 1991, wewe wa Magomeni umeambiwa uache kuuza vitumbua. Zingatia neno wastani. Ndilo lililoanguka njiani kabla ya kufika kwenye spika.

Lakini kwa nini tuhangaike na panya wa Marekani wakati mkoa wetu una wa kwake? Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro mjini, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, aitwaye Magawa, alizaliwa huko mwaka 2013, akafunzwa, akapelekwa Kambodia, na hadi anastaafu alikuwa amenusa mabomu na mabaki mengine ya milipuko zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimvisha medali ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu mwaka 2021, akafa Januari 2022 akiwa na miaka minane. Kama unatafuta mzaliwa wa mkoa huu aliyetoka nje ya mazoea yake, akakua kitaaluma, akapata ajira ya kimataifa na kustaafu kwa heshima bila kesi yoyote ya mafao, ni huyo.

Soma wasifu wake vizuri kabla ya kumwiga. Alifunzwa kwa miezi mingi, kila akipatia analipwa ndizi au karanga, na shoti hakupigwa hata moja. Kazini alikwenda asubuhi, kwa muda mfupi, na masikio ya panya hawa hupakwa mafuta ya kuzuia jua. Pembeni alikuwapo mtu wa kumshikia kamba. Na siri yenyewe iko kwenye mizani: panya buku ana kilo moja na kidogo. Uzito huo haulipui bomu la ardhini. Magawa alitembea juu ya hatari miaka yote hiyo kwa sababu hatari ilikuwa haimhesabu.

Kwa hiyo jipime. Usipande mizani peke yako. Panda na mama, panda na wadogo zako wawili walioko sekondari, panda na mtoto wa dada uliyeachiwa "kwa wiki mbili", panda na mkopo uliomdhamini shemeji. Mshale ukisimama chini ya kilo mbili, songa mbele bila wasiwasi.

Tahadhari: wale vijana wa kwenye mifano, walioacha chuo huko Marekani wakaibuka matajiri, walikuwa wepesi. Bill Gates alipoacha Harvard mwaka 1975, baba yake alikuwa wakili mjini Seattle. Biashara ingekufa, chumba kilikuwapo. Kwenu chumba chako kimeshahamiwa na yule mtoto wa dada.

Chagua jambo la kujilipua nalo. Kanuni ya hapa haijaandikwa popote, ila wote wanaitii: thubutu jambo jipya ambalo kila mtu tayari analifanya. Miaka ya 2013 na 2014 lilikuwa kware. Yai la kware lilisifiwa kutibu presha, kisukari na ndoa; mabanda yakajaa ua kwa ua, mpaka soko la kware likabaki ni wafuga kware wenyewe kuuziana kware. Waliofuata walikwenda kwa sungura. Ukija na jambo ambalo kweli hakuna anayelifanya, utaulizwa kwa upole kama siku hizi unalala vizuri.

Ukichagua kilimo, ngoja ujumbe. Utakuja kwenye kundi la simu, umeshasambazwa mara nyingi, hauna jina la mwandishi. Ekari moja ya matikiti: mashimo 4,000, kila shimo matunda mawili, kila tunda shilingi 1,000. Milioni nane kwa siku 90. Hesabu ni sahihi, hata mwalimu wa hisabati hataipinga. Kinachokosekana ni mistari. Hakuna mstari wa nyani. Hakuna mstari wa ng'ombe waliopita usiku. Hakuna mstari wa lori lililokatika springi Dumila na matikiti yako ndani, juani, siku mbili. Hakuna mstari wa wenzako wote wa kundi lile waliopata ujumbe siku moja na wewe, wakapanda siku moja na wewe, na sasa wamepanga matikiti yao kando ya yako. Na kwa walio upande wa Mikumi, hakuna mstari wa tembo.

Huyu tembo tumweke sawa. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina kilomita za mraba 3,230. Ni eneo la raha lenye mipaka rasmi, vibao na walinzi wenye silaha. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza ndani yake kwa kilomita 50, na njiani kuna kibao chenye bei ya kila mnyama utakayemgonga, ili dereva achague kwa uwezo wake. Sasa tembo naye ana hamu ya kukua. Anatoka nje ya eneo lake, anaingia kwenye matikiti yako, anakua. Kwa hali hiyo serikali ina malipo mawili: kifuta jasho kwa ajili ya mazao, na kifuta machozi kwa ajili ya mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Ripoti mapema, jaza fomu. Ofisa atahesabu ekari na ataangalia umbali wa shamba lako na mpaka wa hifadhi. Jasho lako lina kipimo, usilipandishe kwa maneno.

Tahadhari: tembo akitoka kwenye eneo lake akaingia lako, anayejaza fomu ni wewe. Ukitoka wewe kwenye lako ukaingia lake, anayejaza fomu ni wewe.

Tafuta mtaji. Zamani kidogo njia ya kuwa mjasiriamali ilikuwa fupi: mwishoni mwa mwaka 2018 vilitoka vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, ukilipa shilingi 20,000 unavaa kadi shingoni. Vitumbua vilibaki vilevile. Siku hizi njia ya heshima ni mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, na mwaka uliofuata ikarudi. Uzuri wake ni huu: kijana anayetaka kujitofautisha na wenzake sharti aje na wenzake. Undeni kikundi. Andikeni katiba. Mchague mwenyekiti, katibu na mhazini. Wanachama wakibaki, hao ndio wanachama. Fungueni akaunti, pateni barua ya mtendaji, mrudi kwa mtendaji kwa sababu barua haina muhuri. Jina la kikundi liwe Jitume, Tupambane au Upendo. Na katika kila kikundi kuna mwanachama mmoja ambaye wenzake hawajawahi kumwona. Usiulize. Yupo kikatiba.

Njia ya haraka ni ile inayoitwa kausha damu. Hii haitaki katiba, inataka kuiona sebule yako. Ofisa mikopo atakuja mwenyewe, ni kijana mstaarabu, atamwamkia mama shikamoo, atakunywa maji, atalisifia kochi, ataliandika kochi. Atalisifia friji. Atauliza godoro ni la inchi ngapi. Marejesho ni kila wiki, na utakuja kugundua kwamba wiki ya kausha damu ina siku nne.

Tahadhari: akija mtu akakuambia kuna mahali pesa hupandwa kama mbegu na kuvunwa bila jembe, mkumbushe kwamba zao hilo lilishalimwa nchini. Liliitwa DECI. Mwaka 2009 serikali ilipolifunga shamba, wapanzi walikuwa wengi na ghala lilikuwa dogo.

Hapa wasomaji walioko maofisini, pale makao makuu ya wilaya, wataninyooshea mkono: sisi tujilipueje bila kufukuzwa? Kwenu utaratibu upo tayari. Litafute tangazo la kazi yako, shuka mpaka kipengele cha mwisho kabisa, kile cha kufanya kazi nyingine utakazopangiwa na msimamizi wako. Huo ndio mlango pekee halali wa kutoka nje ya mazoea, na kitasa chake kiko upande wa msimamizi. Kikaoni mkuu atasema, "Watumishi, jiongezeni." Liandike neno hilo kwenye shajara yako, lipigie mstari, mkuu akuone ukilipigia mstari. Usilitende. Karani aliyejiongeza, akaja Jumamosi bila kuitwa na kuingiza majalada yote kwenye kompyuta, huulizwa Jumatatu maswali matatu kwa mpangilio huu: nani amekutuma, umetumia umeme wa nani, na lile jalada la mwaka juzi liko wapi. Swali la tatu ndilo lenye kamati.

Kukua kitaaluma kunaruhusiwa, lakini kuna foleni. Ikifika zamu yako utapelekwa mafunzo ya siku tano Dodoma au Arusha. Usiulize somo. Somo ni la ofisi, siku tano ni zako.

Tahadhari: ukirudi mafunzoni usitumie ulichojifunza. Wapo ambao hawajapelekwa.

Ukitaka mfano wa jirani, yupo. Joseph Haule, ndiye Professor Jay, mwanzoni mwa miaka ya 2000 alivuma na "Ndio Mzee", wimbo wa mgombea anayeahidi yasiyowezekana mbele ya umati unaoitikia kila kitu. Mwaka 2015 akaja mwenyewe jimbo la Mikumi kuomba ubunge, akashinda. Mimi katika habari zote za kuthubutu zilizowahi kutokea wilaya hii naiweka hii juu kabisa. Hebu fikiria ujasiri wa kusimama jukwaani kuahidi maji na barabara mbele ya watu walioukariri wimbo wako neno kwa neno. Alikaa bungeni miaka mitano, na mwaka 2020 kiti kikaenda kwa mwingine. Kumbuka pia kwamba alipojilipua jina lake lilikuwa linajulikana kila stendi ya nchi hii. Lako linajulikana kwa mangi.

Tahadhari: kabla ya kuomba kura, kagua ulichowahi kuimba.

Ukitaka mfano mkubwa zaidi, wa nchi nzima, ni Mwalimu Nyerere. Mwaka 1955, TANU ikiwa haijatimiza hata mwaka, alitakiwa achague kati ya kufundisha Pugu na siasa. Akaacha kufundisha. Hakwenda semina yoyote, na aliyoyafuata hayakuwa yake peke yake. Baadaye alikuja kuishi Magomeni. Si yako. Ile ya Dar es Salaam, na nyumba yake sasa ni makumbusho.

Na hapo ndipo safari yako inapoelekea, kwa hiyo tuage. Usiseme unakwenda kutafuta. Mwenye kutafuta huonewa huruma. Sema umeitwa. Usieleze umeitwa na nani. Baba mdogo atatikisa kichwa kwa heshima na atakupa namba ya mtu aliyesoma naye, ambayo haipatikani. Mama hatasema kitu, atakufungia unga na karanga. Beba. Hata Magawa alianzia kwenye karanga. Jambo moja tu usithubutu kuliacha: kamati ya harusi. Unaruhusiwa kutoka nje ya kazi, dini ya ujana wako, ushabiki wa timu ya ukoo na hata mkoa wenyewe. Kamati ya harusi haina nje. Kundi jipya litaundwa ukiwa bado kwenye treni, jina lako litakuwa la sita, na mbele yake pameandikwa ahadi ambayo hukuitoa.

Panda treni. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na Julai ikafika Dodoma, ikipita kwetu Kilosa kwenye mahandaki. Ni nzuri, ina baridi ya kutosha kukufanya utoe shuka. Ubaya wake ni mwendo. Treni ya zamani ilikupa usiku mzima wa kubadili mawazo, na ikiharibika ilikuongezea mchana. Hii inakufikisha kabla hujaanza kujuta.

Ukishuka Dar utaelekezwa kwa mtu wa kwenu. Anaishi Magomeni. Usicheke. Umetoka Magomeni kwenda kuthubutu na umefika Magomeni. Tofauti yake ni kodi ya miezi sita mbele, na majirani wasiojua babu yako alikuwa nani. Hilo la pili ndilo utakalolisikia zaidi, hasa siku utakapotaka kukopa sukari.

Lakini tusidanganyane, wengi hamtafika huko. Nauli itaishia Morogoro, kwa binamu mwenye chumba kimoja karibu na Msamvu, atakayesema ukae kwanza wiki moja ujipange. Jipange. Kwa habari za nyumbani kanuni ni nyepesi: ukiwa Morogoro, sema uko Dar, ukiwa Dar, sema unashughulikia pasipoti. Usitaje kazi kwa jina lake la mtaani. Kupiga debe stendi sema uko kwenye usafirishaji. Kubeba mizigo, uko kwenye ugavi. Kuuza maji dirishani mwa basi, uko kwenye usambazaji wa vinywaji kanda ya mashariki. Kulala sakafuni kwa binamu, unaangalia viwanja. Ukiulizwa kwa jumla mambo yanakwendaje, jibu ni moja: kuna mchakato. Atakayekuuliza mchakato gani si ndugu yako, ni ofisa mikopo anayetumia simu ya dada yako.

Tahadhari: usipige simu ukiwa stendi. Wapiga debe wenzako hawajui kwamba uko Dar, na watataja Dodoma, Iringa na Mbeya mara tatu ndani ya salamu moja.

Sasa tupange kurudi, maana utarudi. Usirudi Agosti. Anayerudi Agosti anaonekana, anaulizwa amekuja na nani na anaondoka lini, na kijiwe cha kahawa kinamaliza bao zima kikimjadili. Rudi Desemba. Desemba wote wanarudi kusalimia, na katikati ya waliokuja kusalimia, aliyerudi moja kwa moja hatambuliki mpaka Februari. Hapo hata mkuu wa kijiwe atakuwa ameshazoea kukuona, na kuuliza kutakuwa kumepitwa na wakati. Watajua. Walijua tangu Septemba. Ila hakuna atakayesema, kwa sababu kila nyumba ina wake aliyeko kwenye usafirishaji.

Vaa viatu safi. Begi liwe kubwa kuliko uliloondoka nalo. Ndani weka chochote, mradi libebwe na watu wawili kutoka kwenye bodaboda. Fika jioni, saa ambayo nguo zinaonekana na uso hauonekani sana. Usitazame mahali kochi lilipokuwa. Wagawie watoto pipi kabla hawajauliza. Wazee wape sukari, na mangi mlipe kidogo, si yote, ili ukurasa usifungwe. Kwa nyumbani leta mkate. Mkate wa Dar ndio stakabadhi ya safari yote, na utakatwa mbele ya watu.

Tahadhari: uwe wa Dar kweli, hata kwa kumwagiza kondakta. Wa Morogoro umeandikwa jina la kiwanda na mtaa kwenye mfuko, na shangazi yako siku hizi ana miwani.